Visu vya Shangazi

Mei 2019, Ramadhani ikielekea ukingoni na masika bado hayajakatika, shangazi alitoa visu vinne uvunguni mwa kitanda, nyumbani kwake Magomeni. Vilikuwa vimeviringishwa gazeti tangu Idi iliyopita, na gazeti limegandia kwenye bapa. Karatasi hunyonya unyevu na kuushikiza kwenye chuma, na hewa ya Pwani ina chumvi inayoichochea kutu. Vitatu vilikuwa vya chuma cha zamani, kile kinachoshika makali haraka na kutu haraka zaidi. Cha nne, cha stenlesi, kilikuwa na madoa tu. Kilisuguliwa kwa kipande cha ndimu, kikaoshwa papo hapo.

Nilishika msasa, akanizuia. "Usianze kukwaruza, mwanangu. Utamaliza chuma, kutu ibaki."

Alikata shingo ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, akasimamisha visu viwili ncha ikiwa chini, akamimina siki nyeupe mpaka upana wa kidole chini ya mpini. Mpini wa mti haulowekwi: huvimba, hupasuka, na maji yakijipenyeza ndani, kutu hulila shina la kisu bila kuonekana. Cha tatu, kirefu, hakikuenea. Alikizungushia kitambaa kilicholoa siki, nusu kikombe tu.

Baada ya saa moja kutu ilikuwa imelegea na kuwa tope jeusi. Tukasugua kwa stilwaya na majivu ya mkaa yaliyochekechwa, yenye maji kidogo. Majivu hukwangua, tena huua ukali wa siki. Kisu kilale juu ya ubao, makali yaelekee mbali nawe, mkono uende kutoka mpinini hadi nchani, usizungushe. Penye vishimo tu ndipo ulipopita msasa namba 400, kisha 800, ukiwa umelowa. Alama nyeusi zilizobaki tuliziacha. Kuzifuta kungekipunguza kisu unene.

Kisu kimoja nilikisahau kwenye chupa mpaka baada ya tarawehe. Kilitoka cha kijivu, makali yamelika na kuwa na mapengo. Kilihitaji dakika 40 za kinoo.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi. Chuma kilichotoka kusafishwa, kikibaki na maji, hugeuka rangi ya chungwa baada ya dakika chache. Tulifuta kwa kitambaa kikavu, tukavianika dirishani kwenye jua. Jikoni juu ya moto hapana, maana chuma kikigeuka bluu kimeshalainika na hakitashika makali tena. Kisha kinoo, na mwisho matone matatu ya mafuta ya nazi kwa kila kisu, yakafutwa mpaka ubapa uonekane mkavu. Mafuta ya alizeti hunata yakikaa.

Tukavitundika ukutani, mbali na sinki, visigusane. Siku ya Idi, kila kilichokata ndimu au nyanya za kachumbari kilioshwa na kufutwa kabla hakijawekwa chini.