Jumamosi juu ya mbuzi

Jumamosi hapa kwetu Ngamiani, Tanga, mimi ndiye mpishi. Mama watoto ni nesi, na siku hiyo mara nyingi ama anatoka zamu ya usiku ama anaingia ya asubuhi, kwa hiyo chakula cha mchana ni changu kuanzia sokoni hadi kufuta meza. Huu ni mwaka wa kumi. Napika wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mchicha au bamia, na pilipili ya kuponda pembeni kwa wanaoiweza. Samaki wakiadimika napika maharage ya nazi, na hakuna anayenuna.

Saa kumi na mbili na nusu nakuwa nimeshapanda baiskeli kwenda soko la Mgandini. Nina mama mmoja ninayenunua kwake, nazi zake zinatoka Pangani, na ananiacha nichague bila kunisukuma. Naitikisa nazi sikioni. Maji yakicheza, sawa. Ikikaa kimya nairudisha. Kisha naangalia yale macho matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, hiyo nayo naiacha. Nikifika nyumbani kila moja naipasulia kwenye kikombe chake na kuonja maji yake kabla sijaigusa. Wazee wanasema nazi mbovu harabu ya nzima, na mimi naamini msemo huo ulianzia jikoni kabla haujahamia kwa watu. Nazi moja iliyochacha inaharibu sufuria nzima, na kipindi hiki cha kusi bahari imechafuka, wavuvi hawatoki sana, samaki ni wa kuhesabu.

Nazi zenyewe zimepanda bei. Yule mama ananiambia kila mara, na ninamwamini, kwa sababu hata mimi nikienda upande wa Pangani naona: minazi mingi ni ya tangu enzi za mababu, imezeeka, mingine imekufa kwa ule ugonjwa wa kunyong'onyea, mingine imekatwa mbao. Na ile inayozaa inaangushwa ingali madafu, kwa kuwa dafu linalipa leo na nazi inataka usubiri. Nikishika nazi tatu kwenye kikapu huwa najua nimeshika kitu cha thamani.

Mbuzi wangu wa kukunia nazi nilimnunua mwaka aliozaliwa binti yetu wa kwanza, kwa hiyo naye ana miaka 17. Ni wa mbao, anakunjika, na meno ya chuma chake nayanoa kwa tupa yangu ya kazini yakianza kuteleza. Naweka sinia chini, nakaa, naanza kuzungusha kifuu. Ukikuna ukafika kwenye ile ngozi ya kahawia, simama, la sivyo tui litakuwa jeusi. Maji ya kukamulia yawe vuguvugu. Tui la kwanza, kasimele, nalitenga na kulifunika. Hilo huingia mwisho, wakati mchuzi umeshaiva, na unakoroga bila kuacha mpaka lichemke, vinginevyo linakatika. La pili na la tatu ndilo la kuchemshia. Chicha wanapata kuku, tunao watano uani, na mayai yao ndiyo kifungua kinywa cha Jumapili. Vifuu vinawashia jiko la mkaa, isipokuwa viwili vitatu anavyochukua kitindamimba wetu kwa ajili ya kupikapika na wenzake.

Kasimele nalifunika kwa sababu ya Tui. Tui ni paka. Ni mweupe mwili mzima, ndiyo maana binti yangu mkubwa alimpa jina hilo alipokuwa Darasa la Sita. Alizaliwa kwenye kibanda changu cha kazi, ndani ya boksi la feni lililokuwa na pamba na vitambaa, mama yake akahamisha wenzake wote akamwacha yeye. Binti alimlea kwa maziwa na bomba la sindano ambalo mama yake alilileta jipya kutoka kazini. Nikikuna nazi, Tui anakaa upande wangu wa kushoto, hatua moja kutoka kwenye sinia, mkia kauzungushia miguu, na hasogei. Akisubiri hivyo kwa adabu anapata kichwa cha kibua. Mwaka mmoja, mwezi wa Ramadhani, alipotea siku tisa. Binti alikuwa akifuturu huku anaangalia mlango. Aliporudi, mbavu zimehesabika, nilimchinjia kuku, na sijawahi kujuta.

Kazi yangu ni fundi wa mota. Nasuka mota, yaani nazizungushia upya waya wa shaba: za pampu, za feni, za mashine za kusaga, na mashine mbili za kukunia nazi zilizoko sokoni zimepita mikononi mwangu. Nazi ninayoikuna mimi kwa dakika kumi, mashine inaimaliza kabla hujatoa hela mfukoni. Kwa hiyo watu wananiuliza, na wana haki ya kuuliza: wewe fundi mzima, mbona unakaa juu ya mbuzi?

Mwaka juzi sikuwa nakaa. Nilinunua blenda, nzuri tu, nikawa nakatakata nazi vipande, natia maji, nasaga, nachuja. Chakula kilikuwa mezani saa sita kamili. Ule muda niliouokoa niliurudisha kibandani, nikawa nachukua kazi moja zaidi kila Jumamosi, na ada za shule zililipika mapema. Nilijiona nimepanga maisha vizuri.

Baada ya miezi kama minne hivi tulikwenda kwenye shughuli ya harusi ya upande wa mama watoto. Nimeshika sahani ya pilau, mama mdogo wa watoto akaniambia, kama jambo ambalo nalijua siku nyingi, kwamba ni vizuri nilivyokubali binti aache fizikia. Mimi sikuwa nimekubali wala kukataa. Sikuwa na habari. Kidato cha Tatu wanachagua masomo ya kubaki nayo, yeye ameshachagua, ameshaandika jina upande wa sanaa, na mtu aliyemwendea kumwambia ni mama yake mdogo.

Usiku ule nilimuuliza kwa upole, maana niliumia na sikutaka aone. Nikamwambia, "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

Akasema, "Baba, siku hizi kila nikikutafuta nakukuta umesimama."

Nililala nayo hiyo. Nikaihesabu Jumamosi moja baada ya nyingine. Zamani, nikikaa kwenye mbuzi, kichwa changu kilikuwa usawa mmoja na cha mtoto wa miaka sita. Mikono ina kazi, macho yako kwenye nazi, siwezi kuondoka mpaka niimalize. Mtoto akija kukaa hapo hatazamwi usoni. Anaweza kulianza neno, akaliacha, akachezea paka, akalirudia. Ni hapo ndipo kitindamimba aliponiambia kwamba andazi lake shuleni anagawana na rafiki yake kwa kuwa rafiki haji na kitu. Tangu siku hiyo tunamfungia mawili. Ni hapo mwanangu wa kiume, ambaye kwa kawaida hutoa maneno kama anayalipia, aliposema meno yanamuuma wiki ya pili. Hayo yote sikuyapata mezani wala kwenye kochi. Nilifikiri nakuna nazi tu.

Blenda nikampa mama mdogo, anatengenezea juisi. Nikamtoa mbuzi darini, nikamnoa. Na fizikia tuliiongea, Jumamosi iliyofuata, nazi mbili nzima. Nilitaka mmoja wao ashike kazi hii ya umeme, sitaficha, lakini yeye akanieleza jinsi anavyopenda Kiswahili, akanisomea shairi aliloandika yeye mwenyewe kuhusu bandari, lina vina na mizani vimetimia. Nilimwambia akipende mpaka mwisho.

Mwaka huu amechaguliwa Kidato cha Tano, tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, shule ya bweni huko Njombe.

Tulipopata habari kila mtu alifurahi, simu zilipigwa, majirani walikuja kutoa hongera. Yeye alikuwa akitabasamu na kusema ahsante. Jumamosi yake akaja na kigoda na bakuli la vitunguu saumu, akakaa, Tui akahama upande wangu akaenda kwake.

"Baba, Njombe kuna nazi?"

"Mnazi haustawi kule, ni juu sana na baridi kali. Kuna viazi, kuna parachichi nzuri, kuna mahindi."

"Kwa hiyo miaka miwili bila wali wa nazi."

"Likizo utakula."

Akamenya punje tano sita. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Naogopa, baba."

Sikuacha kukuna. Nilijua nikisimamisha mkono na kumgeukia atanyamaza, atasema nilikuwa natania. Nikaendelea, polepole zaidi. Nikamwambia kwamba nilipokwenda Dar es Salaam kujifunza ufundi, kijana ambaye nilikuwa sijawahi kulala nje ya Tanga, usiku wa kwanza nililala na viatu kwa sababu sikujua nitaamshwa saa ngapi na nani. Na kwamba nilizoea kuanzia siku niliyomjua mtu mmoja kwa jina. Mmoja tu alitosha. Akauliza huyo mtu yuko wapi sasa. Nikamwambia ndiye anayeniletea waya wa shaba hadi leo. Hilo lilimshangaza kuliko yote, maana huyo mzee anamjua tangu mtoto na hakuwahi kujua habari hiyo. Akaniuliza mambo mengine mengi ya miaka ile, nami nikajibu yote mpaka nazi zikaisha, na bado tulikaa.

Tukaanza kuandaa. Sweta mbili, blanketi zito, soksi. Mama yake alishughulika na orodha ya shule, mimi nikachukua jambo moja: kashata. Nilikuna nazi nne usiku wa kuamkia safari, nikapika na sukari na iliki kwa moto mdogo, nikageuza na mwiko mpaka zikaanza kuachana na sufuria, nikamwaga kwenye sinia na kukata kabla hazijagangamala. Kopo mbili zilijaa. Nilimwambia moja yake, nyingine ya mtu wa kwanza atakayemjua kwa jina na wengine watakaofuata.

Usiku ule Tui alilala ndani ya tranka, juu ya sweta. Tulimwacha. Alfajiri binti alimtoa mwenyewe, akamkabidhi mdogo wake wa kiume mikononi, bila neno, kisha akafunga kufuli.

Stendi ya Kange ilikuwa na baridi ya asubuhi, na wanafunzi wengi na matranka yao. Mama watoto alikuwa ameomba ruhusa kazini, yeye ndiye aliyemsindikiza: Segera, Chalinze, Morogoro, Mikumi, wakalala Iringa, kesho yake Mafinga, Makambako, hadi Njombe. Kila mji alinipigia. Nilikuwa kibandani na mota ya pampu mbele yangu, nimeisuka nusu, na kila simu ikiita niliiweka mota chini. Basi lilipoondoka Kange binti alikuwa dirishani, akaniambia "Shikamoo baba" kwa midomo, kupitia kioo, nami nikaitikia "Marahaba mwanangu" kwa sauti yangu yote, watu wakageuka.

Simu yake ya kwanza kutoka shule alipiga kwa simu ya matroni baada ya siku nane. Alikuwa na dakika chache. Aliuliza kama Tui anakula. Nikamwambia anakula. Akasema kopo la pili limeshaisha, na anayelala kitanda cha juu yake ametoka Kigoma, amempa dagaa, na maji ya kuoga asubuhi ni kama barafu. Sauti ilikuwa yake ya siku zote. Mama yake alikuwa amesimama karibu na sikio langu, anasikiliza na yeye, na tulipokata hatukuzungumza kwa muda.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mgandini nikanunua nazi tatu kwa mazoea, ingawa kwa watu wanne mbili zinatosha. Nilikaa juu ya mbuzi. Tui hakuja kushoto kwangu. Alikaa pale kilipokuwa kigoda. Kitindamimba alikuwa nje na vifuu vyake. Nilimaliza ya kwanza, nikamaliza ya pili, uani kimya, nasikia kuku tu.

Mwanangu akatoka ndani, akasimama mlangoni. Ana miaka 13 na siku hizi amerefuka ghafla.

"Baba," akasema, "mota ikiungua, kile kinachonuka ni nini?"

"Ni vanishi inayofunika waya wa shaba. Ikiungua ile, waya zinagusana, na mota imekwisha."

"Na ukiisuka upya unajuaje mizunguko mingapi?"

Akavuta kreti la soda, akakaa. Nilikuwa bado na nazi moja haijakunwa.