Msiniulize atamaliza lini

Mama kanipigia simu Ijumaa kutoka Amu, yaani Lamu. Tukamaliza salamu, akawaulizia watoto mmoja mmoja, kisha akashusha sauti kama ilivyo kawaida yake: "Na nduguyo, ile dawa ataimaliza lini?"

Swali hili nimeulizwa na mama, na mashangazi, na jirani wa zamani niliyekutana naye sokoni, hata na mwalimu wa madrasa wa mwanangu. Wote wananiuliza kwa mapenzi. Nimeona leo nitoe jibu kwa maandishi, kwa kirefu, kwa sababu kwenye simu huwa nalia kabla sijafika mwisho.

Mdogo wangu alikuwa mraibu wa unga, yaani heroini, na sasa hunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, kila siku katika kliniki iliyo ndani ya hospitali ya Malindi. Kliniki hiyo ilianza kazi mwaka 2015, ya pili Kenya nzima baada ya ile ya Mathari, Nairobi, iliyofunguliwa Desemba 2014. Kwetu Amu wakati huo hakukuwa na kitu cha aina hiyo, na dawa yenyewe ni ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu. Haiwezekani mtu akae Amu anywe Malindi. Ilibidi tuhame, mimi na yeye.

Ile safari sijaisahau. Boti hadi Mokowe alfajiri, kisha basi. Ilikuwa baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, mabasi yanakwenda kwa msafara wa askari, mnashushwa njiani mnaonyesha vitambulisho, mnapanda tena. Mdogo wangu alikuwa na arosto, yale mateso ya mwili uliozoea unga ukiukosa. Asiyewahi kuiona nitamweleza: machozi na kamasi vinamtoka mtu bila kulia, anapiga miayo mfululizo, vinyweleo vimesimama na jasho linamtiririka, mifupa inamuuma kama inatwangwa, tumbo linafunguka. Karibu na Witu aliomba basi lisimame kwa mara ya tatu. Abiria mmoja akasema kwa sauti, "Huyo teja mwacheni hapo hapo." Nilishuka naye, nikamshikia shuka ajisitiri. Alikuwa fundi wa nakshi huyu, mikono yake imechonga vizingiti vya milango ambavyo watu wa Amu wanapita chini yake mpaka leo.

Siku za kwanza kliniki nilikasirika sana. Walimpa dozi ndogo, jioni arosto inamrudia, naye ananiambia, "Dada, hawa wananibania." Nikaenda kugomba. Muuguzi aliniketisha akanifafanulia kwamba methadoni hukaa mwilini muda mrefu. Unapokunywa ya leo, ya jana bado imo. Ukianza na nyingi inajilimbikiza, na siku ya tatu au ya nne mtu analala asiamke. Ndiyo maana huanza chini na kupanda polepole. Baada ya wiki kadhaa dozi yake ilifika pale inapomtosha, na nikaona nisichokitarajia: hakulewa. Hakuwa na nishai wala arosto. Alikula wali akamaliza, akalala usiku mzima, asubuhi akaniuliza kama nina kalamu ya risasi.

Mimi huuza mahamri na mbaazi si mbali na hospitali, kwa hiyo wanywaji wengi nawajua kwa sura. Dirishani mfamasia anapima, mtu anakunywa mbele yake, anapewa maji, anasemeshwa kidogo ili ionekane amemeza. Jambo lenyewe halichukui hata dakika mbili. Lakini zile dakika mbili hazina Jumapili wala Idi. Ukikosa siku kadhaa mfululizo dozi inashushwa, kwa sababu mwili umeanza kuisahau, na ile ya zamani sasa inaweza kukuua. Nauli ya bodaboda ikikosekana kwa mtu anayetoka mbali, hilo ni jambo la matibabu kama jambo jingine lolote. Kuna kijana alikuwa akitembea kutoka ng'ambo ya Sabaki. Alikuwa akifika kwangu viatu vimejaa vumbi, anaomba maji kwanza, mahamri baadaye.

Mwaka wa tatu mdogo wangu alipata kifua kikuu. Dawa za TB ni za miezi sita, na mojawapo, ile inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, hulifanya ini liiondoe methadoni haraka mwilini. Hatukujua. Baada ya muda miayo ikarudi, jasho likarudi, akaanza kutoka usiku. Nilidhani amerudi kwenye unga. Nilimsema maneno ambayo sitayaandika hapa. Alikuwa hajagusa kitu. Dawa ya kifua ilikuwa inakula dozi yake. Alipowaeleza kliniki walimpandishia, na TB ilipokwisha wakaishusha tena taratibu. Nilimwomba radhi. Nawaomba nanyi wenye ndugu kama wangu: mkiona dalili zimerudi, ulizeni kwanza ni dawa gani nyingine anakunywa, kabla ya kumwita mwongo.

Yuko pia binti mmoja ambaye hedhi ilikuwa imemkatika miaka yote ya unga, akaamini hawezi kuzaa. Alipoanza methadoni mwili ukatengemaa, akashika mimba bila kutarajia. Wakwe wakamshinikiza aache dawa ili mtoto "azaliwe safi". Ni kinyume kabisa. Mjamzito akikatizwa ghafla, arosto inaweza kumtoa mimba. Akiendelea na methadoni anasalimika yeye na mtoto, na kunyonyesha anaruhusiwa. Mtoto sasa anatembea, na mahamri yangu anayajua.

Nitarudi kwa mama. Lakini kwanza nikiri jambo. Mwaka 2012, serikali ilipotangaza mpango wa kugawa sindano safi, viongozi wengi wa dini pwani waliupinga, na mimi nilikuwa upande wao. Nilisema vipi serikali impe mwanangu kisu. Utafiti wa wakati ule ulikuta VVU kwa takribani watu 18 katika kila 100 wanaojidunga Kenya, wakati kwa watu wazima kwa jumla ilikuwa karibu 6. Mdogo wangu hakupata VVU, alhamdulillahi, ila alipata homa ya ini aina ya C, ambayo ilitibika baadaye kwa vidonge vya wiki 12. Aliniambia bomba lenyewe la sindano waliazimana wakiwa watatu, siku ambayo hakukuwa na jingine. Siku hiyo kukosa sindano hakukumzuia kujidunga. Kulimfanya aazime.

Na lile la kuniondolea kabisa ubishi lilitokea kwenye uchochoro nyuma ya kibanda changu. Kijana alikuwa ametoka jela baada ya miezi minane. Alijidunga kiasi kile kile alichokizoea kabla ya kufungwa, na mwili ulikuwa haukijui tena. Nilimkuta midomo imekuwa ya buluu, anakoroma kama mtu aliyezama. Watu wakammwagia maji, mwingine akaja na maziwa anataka kumnywesha. Mtu asiyejitambua ukimtia maziwa kinywani yanaingia mapafuni. Akaja mbio mhamasishaji wa kituo cha kusaidia wanaotumia unga, yeye mwenyewe ni mnywaji wa methadoni, akamlaza chali, akampulizia pumzi, akamchoma naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga, pajani juu ya suruali. Pumzi moja, nyingine, nyingine tena. Kwa hesabu yangu zilipita kama dakika tatu, macho yakafunguka. Kijana aliamka na arosto kali, anatukana, anataka kuondoka zake. Mhamasishaji akakaa naye chini ya mwarobaini muda mrefu, kwa sababu naloksoni huisha nguvu mapema na unga ukiwa bado mwilini mtu anaweza kuzama tena. Nilifunga biashara siku ile, nikakaa nao.

Wahamasishaji kama yule ndio wanaoingia maskani, vijiwe vya wanaotumia unga, ambako muuguzi haingii. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, baadhi ya niliowajua walikaa nyumbani bila posho. Wengine waliendelea kuzunguka kwa miguu, bila sindano za kugawa, wakiuliza tu nani yuko hai. Naomba wawakilishi wetu wa kaunti waisome hii. Mishahara ya watu hawa isingojee hisani ya nchi nyingine. Na waliotulia miaka mingi wapewe dozi za kwenda nazo nyumbani, wakafanye kazi, wakazike wazazi wao. Baba yetu alipofariki, mdogo wangu alifika Amu, akatia mchanga kaburini, na kesho yake asubuhi akawa njiani kurudi. Watu walisema hana uchungu na baba. Alikuwa analia boti nzima hadi Mokowe.

Sasa mama, jibu langu ni hili. Sijui atamaliza lini, na silisubiri. Bibi alikunywa vidonge vya presha mpaka anakufa na hatukumuuliza. Wapo wanaoshusha dozi taratibu na kliniki wakaacha, wakiwa tayari, nao nawapongeza. Lakini wiki za mwanzo baada ya kuacha ndizo zinazoua zaidi, na wengi niliowaona wakiacha mapema waliacha kwa kuaibishwa na swali hili. Wawili kati yao nimewapikia hitima.

Mwanao ana karakana ndogo Maweni. Anachonga vitanda na fremu za vioo, ana mwanafunzi mmoja. Anafika dirishani saa mbili, saa tatu kasorobo patasi iko mkononi.

Mama anakuja Malindi baada ya Idi. Nilimwambia nitampeleka kliniki mwenyewe asubuhi amwone mwanawe akinywa. Alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Hapo pana pa kukaa? Magoti yangu hayawezi kusimama."

Nikamwambia pana benchi, chini ya kivuli.