Kutoka Ondiri hadi Gikomba na Kiatu Kimoja

Miaka yote niliyoishi Shauri Moyo, Mto Nairobi kwangu ulikuwa harufu ya kuzibia pua ukivuka daraja. Jumamosi moja nikaamua kwenda kuuona ukiwa bado mchanga. Nikapanda matatu ya Kikuyu alfajiri, kabla foleni ya Waiyaki Way haijashika.

Chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri, karibu kabisa na mji wa Kikuyu. Nilikuwa nimejitayarisha kuona chemchemi ikibubujika mwambani, kama zile za kalenda. Nikakuta uwanja wa matete na nyasi, kijani kitupu, maji hayaonekani hata tone. Yako chini. Mizizi imefumana ikawa mkeka unaoelea, na ukikanyaga hapa, nyasi za mbele yako zinatikisika kama kuna mnyama chini yake. Pembeni pampu zinanguruma, zikivuta maji kwenda kwenye mashamba ya sukuma wiki.

"Kijana, usipite hapo," mzee mmoja aliyekuwa akikatia ng'ombe nyasi akaniambia. "Hapo pamemeza ng'ombe."

"Sawa, mzee," nikajibu, kisha nikaongeza hatua moja, ya picha.

Mguu wa kulia ukazama hadi gotini. Mguu ulirudi, kiatu hakikurudi. Jina la Nairobi limetokana na Kimaasai, Enkare Nyirobi, maji baridi. Darasani nililikariri tu, siku hiyo lilinipanda mpaka kwenye mfupa.

Mzee alicheka mpaka akaketi. Kisha akanipa ndara kuukuu, moja, akanyoosha mundu kuelekea Limuru. Mvua ikinyesha upande huu wa ukingo, alisema, inawashukia nyinyi. Ikinyesha ng'ambo, inaporomokea Bonde la Ufa, na maji ya kule hayaoni bahari. Ya kwetu huiona, ila kwa kuzunguka: yanaingia Mto Athi, unaoitwa Galana ukishapokea Mto Tsavo, halafu Sabaki, hadi Bahari Hindi kaskazini kidogo mwa Malindi.

Nikashuka nao, mara kwa miguu, mara kwa matatu. Kutoka Ondiri hadi katikati ya jiji mto unateremka zaidi ya mita 300. Magharibi mwa jiji ni miamba ya volkano iliyoinamia mashariki, na kila kijito kimejichimbia bonde lake jembamba, sambamba na la jirani. Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo ni vya ukoo huo. Ukiona gari linapanda na kushuka Kileleshwa na Lavington, ujue linavuka mabonde hayo.

Ukishavuka katikati ya jiji, udongo mwekundu unaisha na tambarare la udongo mweusi linaanza, ule unaoganda kwenye viatu hadi unatembea kama umevaa matofali. Maji yaliyokuja mbio hayana tena pa kuteremkia, yanatambaa na kutapakaa. Mto Mathare na Mto Ngong nayo inaungana na Nairobi upande huo huo. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipobomoa nyumba Mathare, tulitazama mawingu yaliyokuwa juu ya vichwa vyetu. Tungetazama na ya huko juu.

Michuki Park, bustani yenye jina la John Michuki, waziri wa mazingira aliyesimamia usafishaji wa mto huu, nilipumzika dakika kumi. Baada ya Kirinyaga Road maji yalikuwa meusi kama mafuta ya injini, na mifuko imenasa kwenye kila jiwe.

Gikomba nikatafuta viatu vya mitumba. Muuzaji, akiwa na brashi mkononi na beseni la povu miguuni, akakagua kiatu changu cha kushoto, kisha ndara.

"Umetoka wapi hivyo, boss?"

"Mto huu unapoanzia."

Akageuka kuyatazama yale maji nyuma ya kibanda chake. "Huu? Si unaanzia kwa mabomba ya choo?"

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama kwa muda, akafuta kidole chenye povu kwenye suruali, akaikuza. Kisha akaniuliza nauli ya kwenda Kikuyu ni pesa ngapi.