Mhama haupandwi kwenye kiriba

Mti huu wa jamii ya mitende vitabu vinauita mvumo, Tabora wengi tunauita mhama. Si ndugu wa karibu wa mchikichi wa Kigoma, ingawa wageni huichanganya. Mchikichi una majani kama unyoya wa ndege. Jani la mhama ni pana kama kipepeo cha kupepea moto, na kikonyo chake kina miiba myeusi pembeni. Shina la mhama mzima lina tumbo juu ya katikati, na mti hufika mita 20 hata kuzidi.

Wanaoshindwa kuupanda huanza kwa kuutia kwenye kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea miche. Kokwa ya mhama haioti kama mbegu ya mwembe. Hutoa kwanza mrija mnene unaozama ardhini, na mche wenyewe huanza kule chini, ndipo jani lipande. Kiriba huukunja mrija huo, na kuhamisha mche huukata. Panda palepale mti utakapokaa.

Okota matunda yaliyoanguka yenyewe, yaliyoiva rangi ya chungwa. Tunda moja huwa na hadi kokwa tatu. Ondoa nyama yake, na usizianike juani, maana zikikauka zinakufa. Lainisha udongo kwenda chini kama sentimita 60, laza kokwa, ifunike kwa sentimita 10 za udongo, kisha utunze unyevu. Ukingo wa mbuga, yaani bonde la nyasi linalolowa wakati wa mvua, ambako maji hayako mbali, ndipo mahali pake.

Kisha subiri miezi, bila kufukua ili kuchungulia! Ukifukua unavunja mrija, na mche umekwisha. Jani la kwanza halifanani na kipepeo: ni refu, jembamba, mithili ya nyasi ngumu. Miche mingi hufa kwa jembe la mpaliliaji asiyeijua, basi weka kijiti kando ya kila shimo.

Kwa miaka kadhaa utaona majani tu, hakuna shina. Haujadumaa. Kichipukizi chake kiko ardhini bado, na ndiyo maana moto wa nyika ukipita huunguza majani na mche ukachipua tena. Shina likishapanda, hatari inahamia juu: mhama una kichipukizi kimoja tu, kileleni. Anayekikata ili kugema tembo ameua mti mzima, hauchipui ubavuni.

Panda mingi. Kuna midume na mijike, matunda ni ya mijike pekee, na hutaijua hadi itoe maua, baada ya miaka zaidi ya 20.