Hso inasomwaje?

Msimu wa korosho wa 2011 niliandika bango la ghala kijijini kwetu, Newala. Herufi nyeusi juu ya rangi nyeupe, kila moja urefu wa kiganja: GHALA LA KOROSHO. Nilipiga mistari kwa uzi, nikachora kwa penseli, ndipo nikashika brashi. Likatundikwa. Karani alilisoma, wakulima waliosubiri mizani walilisoma kwa sauti, nami nilisimama pembeni nikifurahi. Likakaa siku tisa.

Siku ya kumi nilipita pale na mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyekuwa darasa la kwanza. Wakati ule alisoma kila alichokutana nacho njiani: kanga za watu, vibandiko vya pikipiki, mifuko ya salfa. Akasimama chini ya bango.

"Gha-la. La. Ko-ro..." Akanyamaza. Akaanza upya, akakwama palepale. "Mjomba, hso inasomwaje?"

Nilitazama juu nikaona KOROSHO. Nikamwambia, hiyo ni sho.

"Siyo sho. Sho inaanza na s."

Ikabidi nisogee hadi ukutani, niguse herufi mojamoja kwa kidole. K, O, R, O, H, S, O. Moyo ulinienda mbio.

Maelezo niliyapata miaka mingi baadaye. Mwaka 1886 mwanasaikolojia James Cattell, aliyefanya majaribio yake Leipzig, Ujerumani, alieleza kwamba msomaji mzoefu hulitambua neno fupi zima upesi kama anavyoitambua herufi moja. Hatuhesabu herufi. Tunaona K mwanzoni, O mwishoni, urefu tunaoujua, na magunia mlangoni. Palipobaki kumbukumbu hupajaza. Ndivyo pia jicho la mchonga vinyago linavyoona uso katika gogo la mpingo kabla patasi haijagusa. Mpwa wangu hakuwa na kumbukumbu ya kujazia. Alikuwa na sa se si so su, na sha she shi sho shu, na hso haikuwamo. Hakuna aliyewahi kuisoma kazi yangu kwa uaminifu kuliko yeye.

Kesho yake nilifuta nikaandika upya. Hadi leo kila bango nalisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, herufi kwa herufi, kabla rangi haijakauka.

Mwaka jana alikuja likizo kutoka chuo. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya bango lile la kwanza, bila kumwambia kitu.

"Ghala la korosho," akasoma, akanirudishia simu.