Siku moja maishani mwangu: sekunde 94

Saa 12:10 asubuhi

Simu ya zamu ina mlio wake, na ikilia alfajiri mwili unajua kabla ya masikio. Nimeipokea nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, samahani kwa kukuamsha. Wameingia tena."

"Wangapi, Afande?"

"Wawili. Ndege vita. Wametokea baharini, wamekata kona yetu ya kaskazini, wakatoka."

"Wamekaa ndani muda gani?"

"Kama dakika mbili hivi."

Nimeyaandika yote kwenye daftari isipokuwa hilo la mwisho. Hiyo "kama dakika mbili hivi" siwezi kuipeleka kwa serikali ya watu.

Mimi ni mwanasheria, na kwa miaka tisa sasa nimeshika dawati la nchi jirani katika Wizara ya Mambo ya Nje. Ndege ya kijeshi ya jirani ikiingia anga yetu bila kibali, barua ya malalamiko huanzia kwangu. Marubani wetu huruka na vijana wa rada hukesha. Mimi naandika. Siku nzima ya leo imekwenda kwenye barua ya ukurasa mmoja na nusu.

Saa 1:30 asubuhi

Chumba cha mikutano, pazia zimeshushwa, ramani imejaa ukuta mzima. Kanali wa kikosi cha anga ameleta kumbukumbu za rada mbili, ya pwani na ya mlimani. Ya pwani inasema dakika mbili na sekunde kadhaa. Ya mlimani inasema sekunde 94.

Tumekaa kwenye tofauti hiyo karibu saa nzima, na sioni kama tumepoteza muda. Rada huzunguka. Inaiona ndege, inageuka, na ikirudi inaiona mahali pengine. Kati ya nukta na nukta kuna pengo, na programu hulijaza pengo hilo kwa makadirio. Nukta ya kwanza ya rada ya pwani ilikuwa juu ya mstari wenyewe, si ndani. Ukiiondoa hiyo na kubaki na zile nukta ambazo rada zote mbili zinakubaliana, unapata sekunde 94, na kina cha maili tatu za baharini kutoka kwenye mpaka wa maji yetu, yaani kilomita tano na nusu hivi.

"Tuandike 94," nimesema.

"Walikuwa ndani zaidi ya hapo, Mama. Sisi tunajua," Kanali amejibu.

"Naamini, Afande. Lakini naandika ninachoweza kukionyesha."

Hakupenda, ila amekubali. Uchungu wake naufahamu. Vijana wake wawili walikuwa wamesharushwa tangu ndege zile zilipoonekana zikikaribia. Tumesikiliza sauti iliyorekodiwa: muongozaji wetu akiita kwenye masafa ya dharura, 121.5 MHz, yale ambayo marubani hutakiwa kuyasikiliza. Ameita mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu sauti imepanda kidogo, kisha ameishusha mwenyewe na kurudia maneno yaleyale polepole, moja moja. Transponda zao, vifaa vinavyoitambulisha ndege kwa rada, zilikuwa zimezimwa. Hakuna mpango wa safari uliowasilishwa.

Kuna picha pia. Rubani wetu amepiga ubavuni, jua likichomoza, na namba kwenye mkia inasomeka vizuri. Kijana wangu wa dawatini ameifurahia sana. Nimemkumbusha kwamba ilipigwa wakiwa wameshatoka nje wanarudi kwao. Picha inathibitisha ni nani; mahali walipokuwa panathibitishwa na rada. Ukichanganya hayo mawili katika sentensi moja, upande wa pili utakukamata hapo hapo.

Kijana huyohuyo alitaka tuongeze na safari ya wiki iliyopita. Nimemketisha tukaitazama kwenye ramani. Siku ile walipita katika eneo ambalo waongozaji wetu hulihudumia, eneo linaloenda mbali sana juu ya bahari kuu. Lakini kuhudumia si kumiliki. Anga ya nchi inaishia pale maji yake yanapoishia, maili 12 za baharini kutoka pwani, kilomita 22 na kidogo. Nje ya hapo ndege ya kijeshi ya nchi yoyote ina haki ya kupita, hata kama inatuudhi, ilimradi iangalie usalama wa ndege za raia.

"Mdogo wangu, pale hawakuvunja kitu. Tukiliweka hili, watajibu hili tu na kuliacha la leo."

Amelifuta mwenyewe.

Saa 3:45 asubuhi

Sasa ni kuandika. Barua ya namna hii ina adabu yake ya zamani. Haisemi "mimi" wala "wewe". Inaanza: Wizara ya Mambo ya Nje inautolea Ubalozi salamu zake na ina heshima ya kuuarifu yafuatayo. Inamalizia kwa kuuhakikishia Ubalozi heshima ya hali ya juu. Haitiwi saini. Hupigwa muhuri, na afisa huweka herufi zake ndogo kandoni mwa muhuri.

Wapo wanaouliza heshima ya nini kwa mtu aliyepitisha ndege vita juu ya kichwa chako. Mimi naziamini hizo salamu. Zinamwambia jirani kwamba mlango bado uko wazi, na kwamba maneno makali yaliyo katikati hayakuandikwa kwa hasira.

Katikati ndiko kazi iliko. Kwanza matukio: tarehe, saa kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), latitudo na longitudo za kuingilia na kutokea, mwinuko, aina ya ndege. Halafu sheria. Mkataba wa Chicago wa 1944, ibara ya 1: kila nchi ina mamlaka kamili na ya peke yake juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake na maji yake. Ibara ya 3: ndege za serikali, na za kijeshi zimetajwa humo, haziruhusiwi kupita juu ya nchi nyingine bila idhini maalumu. Kisha madai: maelezo ya kilichotokea, na hatua za kuhakikisha hakirudiwi. Mwisho, kwamba tunahifadhi haki zetu zote.

Mkurugenzi amerudisha rasimu akiwa ameongeza neno moja kwa kalamu nyekundu: "uchokozi".

Nimekwenda ofisini kwake badala ya kupiga simu. Nimemwambia, Bosi, neno hili lina uzito wake katika sheria ya mataifa. Linasogelea lugha ya vita na haki ya kujilinda. Tukilitumia kwa sekunde 94 za ndege ambazo hazikufyatua kitu, siku wakifanya kubwa zaidi tutakuwa hatuna neno la kupanda nalo. Ngazi ya maneno ni fupi: kueleza wasiwasi, kupinga, kupinga vikali, kulaani. Mwezi wa pili tulieleza wasiwasi. Mwezi wa tano tulipinga. Leo ni zamu ya "inapinga vikali", na kinachokiukwa ni "mamlaka ya nchi na utimilifu wa mipaka yake".

Amekaa kimya kidogo, kisha akalikata "uchokozi" kwa kalamu ileile.

Saa 6:20 mchana

Habari imeshavuja na simu ya msemaji wetu haipumziki. Mwandishi mmoja amenipata moja kwa moja. Swali lake lina maneno matatu: "Mnaandika barua tena?"

Sikulichukulia kama dharau, kwa sababu hata nyumbani naulizwa hivyohivyo. Nimemsimulia kesi ya hekalu la Preah Vihear. Mwaka 1908 Siam, Thailand ya leo, ilipelekewa ramani zilizochorwa na maofisa wa Ufaransa, na mojawapo ililiweka hekalu upande wa Kambodia. Siam haikupinga. Ilishukuru, ikaomba nakala zaidi. Miongo mitano baadaye, mwaka 1962, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu kwamba hekalu ni la Kambodia, na ile miaka ya ukimya ilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Ile ilikuwa kesi ya ardhi, hii ni ya anga, lakini katika fani yetu kukaa kimya kuna maana, na maana yake aghalabu huandikwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo ndiyo, tunaandika tena. Mara ya kumi na ya ishirini pia. Kila safari isiyopingwa inakuwa njia waliyoizoea, na baada ya miaka watasema wamekuwa wakipita hapo siku zote.

Saa 8:00 mchana

Balozi wao yuko nje, kwa hiyo tumemwita kaimu wake. Kumwita mwanadiplomasia wizarani ni kauli yenyewe, hata kabla hajaketi. Watu wa itifaki wamempokea mlangoni. Mkurugenzi amesimama, naye amesimama. Bendera mbili mezani, maji, bahasha.

Mkurugenzi ameisoma aya ya matukio kwa sauti. Alipofika kwenye namba za latitudo na longitudo, kaimu balozi ametoa kalamu na kuzinakili kwenye kijitabu chake, akaziomba mara ya pili ili asikosee. Ameandika pia 94, akaizungushia duara.

Kwa kitendo hicho kidogo sikujuta ile saa nzima ya asubuhi. Mtu akiambiwa "mmekuwa mkitusumbua" hana cha kuandika. Akipewa namba, analazimika kuzipeleka kwao, na huko mtu fulani atalazimika kumwuliza kamanda fulani.

Amejibu kama inavyotakiwa: ameipokea, ataiwasilisha kwa serikali yake, hana maelekezo ya kusema zaidi. Dakika kumi na moja, ameondoka. Pale mlangoni amenipa mkono na kusema kwa sauti ya chini, "Dada, hata sisi hatupendi kuamshwa na habari hizi." Hilo sikuliweka kwenye kumbukumbu za kikao.

Saa 11:15 jioni

Wizara yao ya ulinzi imetoa taarifa: ndege zao ziliruka juu ya maji ya kimataifa na hazikuvuka mpaka wa nchi yoyote.

Tulilitarajia. Septemba 19, 2025, Estonia ilisema ndege tatu za Urusi aina ya MiG-31 zilikaa katika anga yake dakika 12 karibu na kisiwa cha Vaindloo. Ikamwita kaimu balozi wa Urusi, na Moscow ikakanusha. Kukanusha ni sehemu ya utaratibu wenyewe. Lakini taarifa yao ya leo imetaja bahari, haikutaja sababu wala hali ya hewa, wala haikuigusa picha. Kwangu hayo yana maana, na nimeyaandika pembeni.

Tumekubaliana nakala iende New York kwa wawakilishi wetu, waiandikie Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa isambazwe kama hati ya Baraza. Ikishapewa namba huko, haipotei tena.

Nimeandika pia ombi langu la tatu mwaka huu, na hili nalijali kuliko yote: simu ya moja kwa moja kati ya makao makuu ya vikosi vya anga vya nchi zetu mbili. Novemba 24, 2015, Uturuki ilidai ndege ya Urusi aina ya Su-24 ilikuwa ndani ya anga yake kwa sekunde 17. Urusi ikasema haikuingia kabisa. Ndege iliangushwa, na rubani wake akauawa. Karibu na kwetu pia: Novemba 7, 2022, ndege vita aina ya Su-25 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitua kwa muda mfupi uwanja wa Rubavu nchini Rwanda, na Kinshasa ilikiri kwamba ndege yake iliingia. Januari 24, 2023, Su-25 ya Kongo ilishambuliwa kwa silaha kutoka Rwanda, ikatua Goma ikiwaka moto. Rwanda ikasema ni mara ya tatu kuingiliwa. Kongo ikasema ndege ilikuwa upande wake, na ikaliita shambulio hilo kitendo cha vita. Kutoka kutua hadi kushambuliwa haikupita hata miezi mitatu.

Sekunde 17 ziliua mtu. Sisi leo tulikuwa na 94, na kule juu vijana wanne, wawili wetu na wawili wao, vidole karibu na vitufe.

Saa 3:40 usiku

Kabla ya kufunga ofisi nimempigia Kanali kuuliza hali ya muongozaji yule wa alfajiri. Ana miaka 26, na leo ni mara yake ya kwanza kuita bila kujibiwa. Ameshakwenda kulala.

"Mwambie sauti yake imeandikwa kwenye barua," nimesema. "Aya ya tatu. Wito mara tatu kwenye masafa ya dharura, pamoja na saa za kila wito."

"Nitamwambia, Mama."

Nimefungua faili, nimejaza mstari wa leo: tarehe, namba ya barua, aliyepokea. Kwenye safu ya majibu nimeandika "Wamekanusha". Kwenye safu ya mwisho, ya simu ya moja kwa moja, nimeandika "Tunasubiri", chini ya "Tunasubiri" mbili za huko nyuma. Nimeiweka simu ya zamu kwenye chaji, mlio juu.