Bima ya Fielder ya Mjomba

Mwanzoni mwa 2024 mjomba alinipa karatasi ya kuhuisha bima ya gari lake, akataka nifuatane naye ofisini nikamwombee wampunguzie elfu mbili tatu. Gari ni Toyota Fielder la mwaka 2014, alilolinunua 2021 lilipoteremka tu kutoka Japani. Kampuni ilitaka shilingi 75,212 kwa mwaka mmoja wa komprehensivu, yaani bima kubwa inayolipia hata gari lako mwenyewe. Nilimwambia asubiri kwanza. Kabla ya kuomba punguzo, lazima ujue kila shilingi imetoka wapi.

Bima ya zamani ilikuwa na karibu mwezi mzima kabla ya kuisha, na huo muda ndio uliotupa nguvu. Kenya bima haianzi mpaka pesa ziingie, na chini ya sheria ya Sura 405 gari haliruhusiwi barabarani bila angalau bima ya mtu wa tatu, ile ya kumfidia mwingine utakayemdhuru. Anayefika kaunta bima ikiwa inaisha usiku huo huo hana la kujadili, kwa sababu kesho gari litalala uani au litakutana na trafiki njiani. Kampuni yajua hilo kuliko yeye.

Karatasi ilikuwa na jumla peke yake. Tukawaandikia watupe mchanganuo, wakautuma bila ubishi, maana ni haki ya mteja. Thamani ya gari ilikuwa 1,150,000. Kiwango asilimia 5.5, yaani 63,250. Kinga ya eksesi, yaani ya kukuondolea ile sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hubeba mwenyewe, asilimia 0.5, yaani 5,750. Kinga ya vurugu za kisiasa na ugaidi asilimia 0.25, yaani 2,875. Gari la kuazima lako likiwa gereji, 3,000. Kisha tozo mbili, asilimia 0.2 ya mafunzo ya bima na asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwafidia wateja kampuni ikianguka, jumla yake 337. Kwa hizo tozo mbili usijichoshe. Ziko kisheria na kila kampuni hutoza vile vile.

Mjomba alishikilia ile asilimia 5.5 kwa sababu ndiyo kila mtu huizungumzia. Mimi nilishikwa na thamani. Milioni moja na laki na nusu ndiyo bei aliyonunulia gari, na kwa miaka yote ile hakuna aliyeigusa. Kila mwaka ilinakiliwa kutoka karatasi ya mwaka uliopita. Gari likiibiwa au likiharibika kabisa, kampuni hulipa bei ya soko ya siku ile ya hasara. Thamani iliyoandikwa ni kikomo tu, haizidi hapo. Kwa hiyo mjomba alikuwa akilipia pesa ambazo hangezipata kamwe, hata gari lingeteketea lote mbele ya mlango wao.

Aliposikia hivyo akataka tuandike laki sita tumalize. Hapo nilimkatalia kabisa, na nasisitiza hapa pia kwa sababu wengi huumia hapo. Ukiandikisha gari chini ya thamani yake, kampuni huhesabu kwamba sehemu iliyobaki umejibebea mwenyewe. Chukua gari la 930,000 ulilolikatia bima ya 620,000. Umekatia theluthi mbili. Likigongwa hasara ya 150,000, utahesabiwa 100,000, na eksesi inatolewa humo humo. Ajali ndogo tu ya bampa na taa inameza akiba yote uliyojitafutia kwa kudanganya.

Tukaomba barua ya kwenda kwa mthamini aliye kwenye orodha ya kampuni. Ni muhimu awe wa orodha yao, kwa sababu ripoti ya mtu wa nje wanaweza kuikataa, na ukienda na barua yao gharama huwa juu yao. Mjomba aliandaa nakala ya logibuku na ya kitambulisho, akaosha gari. Mthamini alikuja nyumbani, mtaa wa Shela hapa Malindi. Alisoma namba ya chesisi kwenye bati nyuma ya injini akailinganisha na logibuku, akapiga picha pembe zote nne, akasoma kilomita, akaandika redio na rimu za alumini, akafungua buti kuangalia tairi la akiba. Kisha akapiga goti, akapitisha kidole gumba chini ya mlango wa nyuma wa kushoto. Rangi ikabanduka ganda jembamba, na chini yake kutu nyekundu ikammwagikia kiganjani. Mjomba alinyamaza. Gari lililoishi Malindi huliwa na chumvi kuanzia chini kuja juu, na kutu haimo katika bima ya gari, sawa na uchakavu wa kawaida. Dawa yake ni kulimwagia chini maji baridi, yasiyo na chumvi, hasa baada ya safari za pwani kwenyewe, Ngomeni na kwingineko, na kupaka mafuta maungio ya milango.

Ripoti ilirudi na 930,000. Mthamini alieleza kwamba ingeshuka zaidi kama si shilingi kudhoofika mbele ya dola, jambo lililopandisha bei ya magari yote ya mtumba. Huenda mwaka mwingine thamani isishuke kabisa, au hata ipande. Ndiyo sababu ya kupima badala ya kukisia.

Tukiwa na ripoti mkononi, tukaomba bei kwingine: kampuni mbili, kila moja tukaipa thamani ile ile na tukataka kinga zile zile ziandikwe mstari mmoja mmoja. Usipofanya hivyo unalinganisha vitu viwili visivyofanana. Kampuni ya kwanza ilikuja na asilimia 4.25, yaani 39,525, na mjomba akafurahi. Nikamsomea ukurasa wa pili. Eksesi ya ajali ilikuwa asilimia 5 ya thamani, si 2.5 kama kwake, na kinga ya eksesi haikuwekwa. Ajali moja tu ingemtoa 46,500 mfukoni kabla kampuni haijatoa hata senti. Na gari likiibiwa bila kifaa cha kulifuatilia, eksesi ingekuwa asilimia 20, yaani 186,000. Kampuni ya pili ilitoa asilimia 4.75 kwa masharti yaliyolingana na ya mjomba, pamoja na shilingi 40 za stempu kwa kuwa ni polisi mpya, yaani mkataba mpya wa bima. Karatasi hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa silaha yetu. Mjomba hakuwa na haja ya kuhama. Fundi wake wa gari alikuwa kwenye orodha ya gereji za kampuni yake ya zamani, na hilo lina thamani likija suala la matengenezo.

Ofisi iko Barabara ya Lamu. Binti wa kaunta alimpokea mjomba kwa adabu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na mpwa wangu, twataka kuzungumza bei."

"Baba, kiwango hatukipangi sisi, chatoka makao makuu."

Alisema kweli, na watu wengi huharibu mazungumzo hapo kwa kugombana na mtu asiye na uwezo wa kuamua. Tawi huwa na mpaka wake. Kushuka chini ya hapo kunahitaji idhini ya anayepima hatari kule juu. Unachofanya ni kumpa binti yule karatasi zitakazomfanya azungumze kwa niaba yako. Tukampa tatu: ripoti ya mthamini, bei ya kampuni ya pili, na barua fupi ya mjomba inayoeleza kwamba tangu alinunue gari hajadai fidia yoyote, dereva ni yeye peke yake, na usiku gari hulala ndani ya ua wenye geti. Dereva mmoja mtu mzima na mahali pa kulaza gari ni mambo wanaoamua kiwango huyatazama, lakini hakuna atakayeyajua usipoyaandika.

Aliuliza pia kama gari hubeba abiria. Mjomba alijibu hapana, na ni kweli. Ningetamani kila mwenye gari wa Malindi ajibu swali lile kwa makini. Gari la bima ya binafsi linalopakia abiria wa kulipa, iwe ni kwenda Marafa au kupeleka wageni Watamu, limetoka nje ya matumizi yaliyoandikwa. Ajali ikitokea, mpelelezi wa kampuni huwauliza abiria walilipa kiasi gani, na dai la gari lako linakufa kwa jibu lao. Kama ni kazi, kata bima ya kazi.

Jibu la kwanza kutoka makao makuu lilikuwa asilimia 5. Mjomba alitaka kukubali. Tukamjibu binti kwa heshima kwamba kampuni nyingine imetoa 4.75 kwa masharti hayo hayo, karatasi iko mbele yake, na mjomba angependa kubaki. Wakakubali 4.75. Chini ya hapo wasingekwenda, na mimi sikuona haja ya kuwasukuma. Kampuni inayokubali bei yoyote ile ndiyo inayokusumbua siku ya kudai. Badala yake tukaomba kitu kisichowagharimu pesa taslimu: kikomo cha fidia ya kioo cha mbele kiongezwe kutoka 30,000 hadi 50,000. Malori ya barabara ya Garsen hurusha kokoto, na kioo ndicho huvunjika mara nyingi kuliko kingine chochote.

Yaliyobaki ni zile kinga za ziada, na hapo mimi na mjomba tulivutana kidogo. Gari la kuazima tulilitoa, kwa sababu ana jirani mwenye tuktuk na hana safari za kila siku. Lakini alitaka kutoa na kinga ya ugaidi, akisema ni pesa za bure. Mjomba huendesha hadi Mokowe mara kwa mara, huacha gari pale gatini, akapanda boti kwenda Amu, kisiwani Lamu, kwa nduguze. Njia ile hupita Nyongoro, ambako Januari 2020 basi lilishambuliwa na watu wakauawa, na magari yamewahi kulazimika kusafiri kwa msafara wenye ulinzi. Polisi ya kawaida ya gari hutoa nje ugaidi na vurugu za kisiasa. Usiponunua kinga ile, gari likichomwa njiani hulipwi kitu. Asilimia 0.25 ya 930,000 ni 2,325, na kwa kuwa kima cha chini kilikuwa 2,500, akalipa 2,500. Sikumwachia.

Mafuriko nayo tuliyauliza. Novemba 2023 El Niño iliikata barabara ya Lamu pale Lango la Simba, na magari yakakwama. Binti alisema mafuriko yamo. Tukamwomba atuonyeshe mstari wenyewe katika polisi, akaufungua, tukausoma pamoja. Umo, ila kwa gari lililokutwa na maji. Ukiona maji yamefunika barabara ukaingia kwa makusudi injini ikavuta maji, watakuambia hukuchukua tahadhari, na mstari wa tahadhari nao umo.

Hesabu ya mwisho ikawa hivi: 44,175 za kiwango, 5,000 za kinga ya eksesi kwa kuwa hicho ndicho kima chake cha chini, 2,500 za ugaidi, na tozo 233. Jumla 51,908. Nafuu ya 23,304 dhidi ya karatasi ya kwanza, na zaidi ya nusu yake, 12,100, ilitokana na kurekebisha thamani peke yake. Ile asilimia aliyokuwa akiipigania mjomba ilileta 6,975.

Alilipa kwa M-Pesa moja kwa moja kwenye paybill ya kampuni, kwa jina la kampuni, namba ya gari ikiwa ndiyo akaunti. Usitume pesa za bima kwenye simu ya mtu, hata awe wakala unayesali naye safu moja. Cheti siku hizi ni cha kidijitali. Kilifika kwenye barua pepe, tukaingiza namba yake kwenye mfumo wa uhakiki wa AKI, chama cha kampuni za bima, kuhakikisha namba ya gari, chesisi na tarehe zote ziko sawa. Herufi moja ya namba ya gari ikikosewa, siku ya ajali cheti si chako.

Waraka kamili wa polisi ulifuata baadaye. Thamani ilikuwa 930,000, kiwango 4.75, kinga mbili zimo, lakini kioo cha mbele kilibaki 30,000. Tukawarudishia pamoja na nakala ya barua pepe ambamo walikubali 50,000, wakaurekebisha na kuutuma tena, na mjomba akauchapisha akauweka kwenye faili pamoja na ripoti ya mthamini.